Kijitabu cha kurasa 8 kwa Scribus, hatua kwa hatua

Wengi wanaokuja steshenari kutaka kijitabu cha wasifu wa marehemu huwa wameshaandika kila kitu kwenye Word, na picha wamezibandika humo humo. Ukiongeza aya moja tu, picha zote zinahama. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawaanzisha na Scribus: ni programu ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, na kazi yake ni kupanga kurasa.

Hatua ya 1. Omba maandishi matupu, na picha uziweke kwenye folda yake. Picha ya WhatsApp ikitumwa kawaida hubanwa, kwa hiyo mwambie mwenye nayo aitume kama dokumenti. Picha ya upana wa sentimita 8 inahitaji pikseli kama 945 ili itoke safi.

Hatua ya 2. Fungua faili jipya: A5, kurasa zinazotazamana, jumla 8. Idadi lazima igawanyike kwa 4, maana A4 moja ikikunjwa inatoa kurasa 4. Pambizo weka mm 15. Palipoandikwa Bleeds jaza mm 3. Hiyo ni nafasi ya kukatia, na rangi au picha yoyote inayofika ukingoni ivute hadi huko nje. Kazi yangu ya kwanza sikuijaza. Jalada la buluu lilirudi na uzi mweupe pembeni, nakala zote, usiku wa kuamkia mazishi.

Hatua ya 3. Kabla ya kumwaga maandishi, nenda Edit, kisha Styles, utengeneze mitindo mitatu, yaani mipangilio ya herufi yenye majina: kichwa, aya na maelezo ya picha. Hapa usiharakishe. Familia itapiga simu saa nne usiku: mjukuu mmoja amesahaulika, na wazee wanalalamika herufi ni ndogo. Mwenye mitindo anabadili 10 kuwa 11 mahali pamoja, na kijitabu kizima kinafuata. Asiye nayo atakesha.

Hatua ya 4. Bonyeza T, chora fremu (kisanduku cha kuwekea maandishi), ingiza maandishi. Ukiona kisanduku chenye X kwenye kona ya chini kulia, yamefurika. Chora fremu nyingine ukurasa unaofuata, rudi uchague ile ya kwanza, bonyeza N, kisha bofya ya pili. Yaliyobaki yatahamia huko.

Hatua ya 5. Maneno yetu ni marefu. Ukinyoosha kingo zote mbili kwenye safu nyembamba, neno kama “waliomtembelea” linashuka zima na kuacha mapengo mstari wa juu. Nyoosha kushoto tu. Ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu: waliomte-mbelea, kamwe si waliomtem-belea, kwa sababu “mb” haitenganishwi.

Hatua ya 6. Toa PDF. Scribus ikikuonyesha dirisha la makosa, usilipuuze. Mara nyingi ni maandishi yaliyofurika au picha hafifu. Kiwanda cha uchapaji kipelekee kurasa moja moja, kuzipanga kwenye karatasi ni kazi yao. Ukichapa mwenyewe, chagua Booklet kwenye Adobe Reader.

Chapa nakala moja kwanza, ikunje, kisha keti na mtu wa familia akusomee majina yote kwa sauti, wewe ukifuata kwa kidole.