Piano tulivu: anza hivi usiku wa leo

Kama hujawahi kusikiliza muziki wa piano tulivu, hakuna anayeimba, hakuna ngoma, anza na mpiga piano Nils Frahm wa Berlin, albamu yake ya Felt ya 2011. Jamaa alikuwa anapiga usiku na hakutaka kusumbua majirani, basi akaweka kitambaa kizito kati ya nyundo na nyuzi za piano, maiki akazisogeza karibu kabisa, ndo maana utasikia mbao zinalia, nyundo zinagonga, hadi pumzi yake. Hapo ndo utamu ulipo jamani.

Sasa vaa hedifoni, spika ya simu itakumezea hivyo vyote. Sauti weka chini, pakua kwanza halafu zima data meseji zisiingie. Usisubiri kiitikio, we shika noti moja ifuate mpaka ipotee kabisa, kisha sikiliza kile kimya kabla ya inayofuata. Mi dakika tano za kwanza akili bado inazunguka kwenye kodi na kazi, usikate, ngoja kidogo, utashtukia mabega yameshuka yenyewe. Ukisinzia katikati sawa tu, kesho endelea ulipoishia.