Wali wa nazi kwenye presha kuka: tui zito liingie mwisho

Akikwambia mtu kwamba wali wa nazi haupikiki kwenye presha kuka, muulize aliweka tui lipi. Mara nyingi utakuta alikamua nazi yote, akachanganya tui zito na jepesi, akamimina humo na kufunga. Akija kufungua, chini umeshika na kuungua, juu mafuta yanaelea, katikati punje nyingine bado zina kiini. Analaumu chungu. Tui zito halitaki moto mkali bila kukorogwa: linakatika, mafuta yanapanda juu, na ule uzito wake unazama na kuganda kwenye kitako. Kwenye sufuria unasimama na mwiko. Kwenye presha kuka umeshafunga, utakoroga na nini?

Basi tui jepesi ndilo linaloivisha mchele ndani ya presha, na tui zito linakaa pembeni kwenye bakuli mpaka presha ishuke na kifuniko kifunguke. Ukilishika hilo, mengine ni vipimo.

Mimi niko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Kazi yangu ni chakula cha mchana. Wanaokula kwangu ni watu wa maofisini na mafundi wa gereji, na wali wa nazi hauruhusiwi kukosekana siku hata moja. Miaka yote nilipikia mkaa. Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Sisi wengine bei ya gunia ilishatufukuza kabla ya mkakati. Sasa nina mtungi wa gesi, na presha kuka ya kawaida ya lita 7, ile ya kupiga filimbi.

Tuanze na nazi, kwa sababu hapo ndipo wali unapopatikana au kukosekana. Sokoni Mgandini nazi zimepangwa mafungu, na muuzaji atakuokotea za juu. Usikubali, chagua mwenyewe. Itikise karibu na sikio usikie maji yanacheza. Ikiwa kuna kitu kinagonga ndani na maji hayasikiki, hiyo ni mbata, wapelekee wanaokamua mafuta. Ikiwa imejaa maji pomoni na ni nzito kupita kiasi, huenda ni koroma, na tui la koroma ni maji matupu. Tazama na yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe ulipoitoa. Ukishaivunja, onja maji yake kabla hujakaa kwenye mbuzi. Nazi moja iliyooza inaharibu tui la nazi tano.

Kwa vikombe vitatu vya mchele (kikombe changu ni cha robo lita) nakuna nazi mbili za wastani. Kuna bila kufika kwenye ile ngozi ya kahawia, vinginevyo wali utatoka na rangi ya vumbi. Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, fikicha kwa mkono mpaka uone yamekuwa meupe na mazito, kisha kamua kwa kichujio. Hilo ndilo tui la kwanza, weka pembeni. Utapata kama robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kimoja. Rudisha machicha, ongeza vikombe viwili vya maji, fikicha, kamua. Rudia mara ya tatu kwa kikombe kimoja na nusu. Hayo mawili ya mwisho changanya pamoja, ndilo tui lako jepesi. Mwenye brenda asage, hakuna dhambi, lakini achuje mara mbili, kwa sababu brenda inaacha chembe ndogo ndogo ambazo zikikaa kitakoni ndizo za kwanza kuungua.

Anayetumia tui la kopo au la pakiti, apunguze nguvu: sehemu moja ya tui kwa tatu za maji ndiyo iingie kwenye presha, na robo tatu ya kikombe cha tui lenyewe ibaki ya mwisho.

Mchele. Napenda wa Kyela kwa harufu, ila wa Mombo ni wa hapa hapa mkoani kwetu na ukipata uliokaa kidogo unapika vizuri sana. Muulize muuzaji kama ni mchele mpya au wa msimu uliopita, na usimwamini moja kwa moja. Tafuna punje mbili tatu. Ulio mpya hausumbui meno, na ukiupika kwa maji mengi unakuwa uji. Wa zamani unakatika kwa sauti na unakunywa maji zaidi. Upepete, toa mawe, osha mpaka maji yatoke meupe kidogo tu yanayoonyesha mkono wako chini. Kwenye presha kuka kuosha si usafi peke yake. Ule wanga ukiachwa unafanya povu, povu linapanda mpaka kwenye tundu la mvuke na kuliziba. Halafu loweka dakika 20, chuja, uache kwenye chekeche.

Sasa vipimo, na hapa wapishi wazoefu ndio wabishi kuliko wote. Kipimo cha kidole, kile cha kuchovya mpaka pingili ya kwanza, kiache kwenye sufuria. Sufuria inapoteza mvuke muda wote, ndiyo maana tunaweka maji karibu mara mbili ya mchele. Presha kuka haipotezi kitu ila kidogo kinachotoka na filimbi. Kwa vikombe vitatu vya mchele uliolowekwa naweka tui jepesi vikombe vitatu na robo, basi. Ukiwa mchele mpya kabisa, vikombe vitatu kamili. Ukiwa haukulowekwa, vitatu na nusu. Utaona ni kidogo na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze, tui zito bado linakuja.

Viungo vyangu ni vichache kwa sababu wali huu unakaa pembeni ya kitu kingine, hautakiwi kugombana nacho. Kitunguu maji kimoja kidogo kilichokatwa nyembamba, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, hiliki tatu. Hiliki za Amani, huko juu Muheza, zikiwa mbichi-mbichi bado na ukijani wake, mbili zinatosha. Zigonge mara moja zipasuke tu. Mdalasini na karafuu viache kwa ajili ya pilau.

Washa moto wa wastani, weka mafuta na kitunguu, na ukikaange mpaka kilegee tu. Kikianza kuwa kahawia wali utageuka rangi, na wali wa nazi uje mweupe. Tia mchele, ugeuze kama dakika moja mpaka kila punje ing'ae mafuta. Mafuta hayo yanasaidia pia kutuliza povu. Mimina tui jepesi, chumvi, hiliki, kisha pitisha mwiko kwenye kitako chote ubandue chochote kilichoshika. Sawazisha mchele uzame wote. Chungu kisizidi nusu. Kwa vyakula vingine wanaruhusu theluthi mbili, kwa mchele na nafaka za kunde nusu ndiyo mwisho.

Kabla ya kufunga, inua kifuniko uelekeze kwenye mwanga, utazame kupitia tundu la mvuke. Usipoona mwanga kuna kitu kimeziba, pitisha waya mwembamba na uoshe. Pitisha kidole kwenye raba: iwe laini, haina mipasuko, imekaa sawasawa kwenye mfereji wake. Raba iliyokakamaa inavujisha mvuke pembeni na utasubiri filimbi mpaka mchele uungue. Zinauzwa madukani kwa vyombo, nenda na ya zamani mkononi maana saizi zinatofautiana kwa kiasi ambacho jicho halioni.

Funga, moto wa juu. Filimbi ya kwanza ikilia, shusha moto uwe mdogo kabisa na uhesabu dakika tatu. Zima. Sasa ondoka jikoni dakika 10, na usiguse kile kizito cha juu, kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye tundu la mvuke na kupiga filimbi. Mvuke wa mle ndani uko kwenye nyuzi kama 120, wakati maji ya sufuria hapa kwetu usawa wa bahari hayapiti 100, na hata moto ukiwa umezimwa mchele unaendelea kuiva. Ukitoa mvuke kwa haraka, tui linafoka kupitia tunduni na wali unabaki na kiini. Wifi yangu anayeishi Lushoto ananufaika na chungu hiki kuliko mimi: kule milimani maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na wali wa sufuria unamchosha.

Kwa mkaa inawezekana, ila mkaa haushuki kwa kugeuza swichi. Uwe na kibano na jiko la pili. Filimbi ikilia, ondoa makaa ubakishe matatu manne tu, na zile dakika tatu zikiisha, ipua chungu kabisa ukikalishe sakafuni juu ya kitambaa.

Presha ikishashuka yenyewe kizito kinalegea na kifuniko kinazunguka bila kulazimishwa. Kikikataa, subiri. Usitie nguvu, usiite kijana aje na nguvu zake. Ukikifungua, kielekeze upande wa mbali na uso wako.

Wali utakaouona ni mkavu kiasi, umeiva lakini umesimama. Hapo sasa chukua lile tui zito, tia chembe ya chumvi, limwage kwa kuzungusha juu yote. Ingiza uma pembeni, inua kutoka chini taratibu, usikoroge. Funika kwa kifuniko cha kawaida cha sufuria au sinia, moto mdogo sana, dakika saba au nane. Tui linaingia ndani ya punje, harufu inatoka mpaka barabarani, na hapo ndipo wateja wangu wanapoanza kuuliza kama chakula tayari.

Mama mkwe wangu haukubali wali ambao haujapaliwa. Kwake yeye, bila makaa juu ya kifuniko na ukoko chini, hujapika. Sibishani naye. Wali wa kwake, baada ya kuweka tui zito, nauhamishia kwenye sufuria nzito, nafunika kwa kifuniko cha bati na kuweka makaa machache juu na machache chini, robo saa. Ukoko anaupata, na anaula yeye wa kwanza. Lakini makaa juu ya kifuniko cha presha kuka ni marufuku. Raba inayeyuka, na kile kizibo cha usalama kinaharibika bila wewe kujua, na siku tundu likiziba hakuna kingine cha kukuokoa.

Wenye presha kuka ya umeme, utaratibu ni ule ule: kaangia humo humo, presha ya juu dakika nne, acha dakika 10, fungua, tia tui zito, rudisha kifuniko bila kufunga na uache kwenye kitufe cha kupasha moto. Umeme ukikatika katikati ya mapishi usifungue kwa wasiwasi. Chungu kimeshafika presha? Kiache robo saa, wali utaiva kwa joto lililomo.

Cha kuula nao ni juu yako, ila nina maoni. Changu au kolekole wa kukaanga mwenye ndimu na pilipili, hapo wali uwe na tui lote nililosema. Ukipika samaki wa kupaka, mchicha wa nazi au maharage ya nazi, punguza tui zito la wali liwe nusu kikombe, ama sivyo mtu anakula vijiko vitano anasukuma sahani. Ukitaka kuuchangamsha, njegere mbichi kiganja kimoja ziingie pamoja na mchele. Choroko zichemshe kwanza peke yake mpaka ziive nusu, maana dakika tatu hazizitoshi.

Unaobaki ugawe kwenye vyombo vya bapa upoe upesi, kisha friji, ndani ya saa mbili. Wali wa nazi huchacha haraka kuliko mweupe, na ukilala nje kwenye joto letu hili kuupasha asubuhi hakuondoi sumu ambayo vijidudu vimeshaiacha. Kiporo kilicholala kwenye friji ni halali yako: kinyunyizie maji vijiko viwili, funika, moto mdogo mpaka kitoe mvuke wote, na chai ya rangi pembeni.

Chungu kikishaoshwa, toa raba uikaushe peke yake, na kifuniko ukikalishe juu ya chungu kichwa chini, usikifunge. Ukikifunga kikiwa na unyevu, raba itabeba harufu ya nazi ya jana mpaka kwenye maharage ya kesho.