Mitutu miwili, kifyatuo kimoja: jinsi ya kuishi na bunduki ya raifo na shotigani

Sungura wangu wa kwanza kwa bunduki hii nilimkosa akiwa amekaa. Alikuwa umbali wa mita 60 hivi, masikio wima, wala hana habari nami. Nilimlenga kwa utulivu wote kwa raifo, nikavuta kifyatuo, na kilichotoka ni kishindo cha shotigani. Marisau, zile punje ndogo za shotigani, yakatawanyika majanini, sungura akaenda zake, na mwenzangu aliyekuwa nyuma alicheka mpaka akakaa chini. Swichi ya kuchagua mtutu ilikuwa upande wa shotigani, pale pale nilipoiacha asubuhi nilipolenga ndege.

Kwa hiyo mtu akiniomba nimfundishe bunduki ya namna hii, siangalii kwanza kama anajua kulenga. Namuuliza: ukivuta sasa hivi, mtutu upi utalia? Akisita, tunarudi mwanzo.

Yangu ni ya kukunja katikati. Mtutu wa juu, wa raifo, una mifereji ndani ya kuizungusha risasi, kaliba (kipimo cha upana) .222 Remington; wa chini, wa shotigani, ni laini, geji 20, geji ikiwa ndicho kipimo cha mitutu ya shotigani. Nyundo ni moja, kifyatuo kimoja, na swichi iko juu ya nyundo penyewe: ukiipandisha inapiga raifo, ukiishusha inapiga shotigani. Muundo huu Wamarekani wameuzoea tangu kampuni ya Savage walipotoa Model 24 mwaka 1950, ya kwanza ikiwa na raifo ya .22 juu na shotigani ya .410 chini. Wajerumani na majirani zao wao wana drilingi, neno lenye maana ya pacha watatu: mitutu miwili ya shotigani sambamba, na wa raifo chini yake katikati. Warusi waliwahi hata kuwapa wanaanga wao bastola ya mitutu mitatu, TP-82, miwili laini na mmoja wa milimita 5.45, ili chombo kikitua porini wawe na cha kujitetea. Wazo lilitokana na mwaka 1965, mwanaanga Leonov na mwenzake walipotua mbali na walikotarajiwa, katikati ya msitu na theluji.

Drilingi ina mtego wake, nao nusura uninase. Niliazimwa moja kwenye uwanja wa shabaha. Mimi nimezoea shotigani za kawaida, ambazo kile kitufe cha kusukuma kwa dole gumba, nyuma ya bawaba, ni loki ya usalama. Kwenye drilingi nyingi kitufe cha mahali hapo hapo ndicho swichi ya mtutu, na loki iko ubavuni mwa kitako. Nikasukuma nikidhani nimefungua loki, kumbe nimehamia raifo, na kilengeo cha nyuma kikachomoza chenyewe mbele ya jicho langu kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti. Hicho kilengeo kimewekwa makusudi kikuambie "sasa ni raifo". Mwenye bunduki akanishika mkono, akasema, "Ndugu yangu, hiyo si loki." Tangu siku hiyo bunduki yoyote ya mitutu mchanganyiko nisiyoijua naizungusha kwanza ikiwa tupu, nikigusa kila kitufe na kutaja kwa sauti kinafanya nini. Watu hunitazama. Acha wanitazame.

Sasa, swichi ikae wapi usipopiga? Kwangu hukaa kwenye shotigani, siku zote, hata baada ya yule sungura. Sababu yake iko katika kosa lenyewe. Ukisahau ukapiga marisau ulipotaka risasi, umekosa sungura. Ukisahau kinyume chake, ukanyanyua bunduki kumlenga ndege angani, umerusha risasi ya raifo hewani, na hata ile ndogo kabisa ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla haijaanguka, mahali usipopaona. Tena ndege hakupi muda, ila mnyama aliyesimama mbali hukupa. Basi kuhamia raifo nimekufanya kuwe sehemu ya kujiandaa: nasimama, natazama kilicho nyuma ya mnyama, dole gumba linagusa swichi, ndipo linavuta nyundo. Nikimaliza kupiga, narudisha swichi kabla hata sijatoa ganda.

Nyundo ya nje nayo inataka adabu. Umeivuta, kisha mnyama kaondoka, unataka kuishusha. Usiishushe kwa dole gumba huku risasi ziko chemba, yaani nyumba ya risasi nyuma ya mtutu. Dole likiteleza, pini inagonga fataki, kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha risasi. Fungua bunduki kwanza, ikunjike, kisha ndipo ushushe nyundo taratibu. Inachukua sekunde mbili. Na unaporuka mtaro au kupita uzio, toa risasi zote mbili, siyo moja. Nimeona watu wakitoa ya shotigani wakaisahau ya raifo kwa sababu ni nyembamba na imekaa ndani.

Kununua. Kabla ya fedha, kibali: hakikisha kinaruhusu silaha yenye mitutu ya aina zote mbili, na risasi za aina zote mbili. Nyingi za bunduki hizi sokoni zimetumika, baadhi ni nzee kuliko mwenye kuzinunua, hivyo ichunguze kama unavyochunguza gari kuukuu. Ikiwa tupu, ondoa kipande cha mbao cha mbele, ifunge, kisha shika mitutu mkono mmoja na kitako mkono mwingine utikise. Ikicheza kwenye bawaba, imechoka. Inyanyue kwenye mwanga utazame pale mitutu inapokutana na mwili wa bunduki. Ukiona mwanga unapita, mwachie mwenyewe au fundi bunduki. Mitutu iliyounganishwa kwa madini ya kuchomea, itundike kwa kidole uigonge kidogo kwa ukucha: inatakiwa ilie kama kengele. Ikitoa mlio wa chungu kilichopasuka, kiungo kimeachia mahali.

Kisha soma maandishi ya chini ya mitutu, na usiamini maneno ya muuzaji. Shotigani za zamani za Ulaya, hasa za geji 16, nyingi zina chemba ya milimita 65, wakati risasi za leo za kawaida ni za milimita 70. Risasi ndefu itaingia vizuri tu, kwa kuwa kabla ya kupigwa huwa imekunjwa mdomo. Shida huanza ikifunguka, haina nafasi, shinikizo linapanda. Hatari kubwa zaidi ni risasi za raifo za milimita 8: 8x57 IR na 8x57 IRS. Herufi moja tu, lakini ya kwanza ni ya mtutu wenye risasi ya inchi .318, ya pili ni ya .323. Kuisukuma risasi nene kwenye mtutu mwembamba sikushauri hata kwa adui yako. Huna uhakika? Fundi apime mtutu kwanza.

Jambo jingine la kuangalia ni ukingo wa ganda. Bunduki za kukunja hupenda risasi zenye ukingo kwenye kitako, ndiyo maana Wajerumani waliongeza herufi R: 7x57R, 7x65R, 9.3x74R. Ukingo huo ndio kikucha cha kutolea ganda kinaushika. Risasi yangu ya .222 haina ukingo, ina mfereji tu kuzunguka kitako cha ganda, na kikucha chake kina springi ndogo. Siku moja ya vumbi kikucha kiliruka juu ya ganda, ganda likabaki chemba, nami nikabaki nalisukuma kwa fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu huku giza linaingia. Tangu hapo fimbo haitoki begani, na springi ile naifuta kila jioni.

Tuje kwenye kulenga, ambako ndiko wengi huikatia tamaa bunduki isiyo na kosa. Nilipoipeleka kupimwa mara ya kwanza, mita 50, juu ya mfuko wa mchanga, risasi ya kwanza iliingia katikati. Ya pili vidole viwili chini yake. Ya tatu vidole vinne. Nikakaza skrubu za darubini, nikapiga tena, ikawa vile vile. Nikadhani nimeuziwa takataka. Kumbe tatizo ni joto: mitutu miwili imeunganishwa, wa raifo ukipata moto unarefuka, wa shotigani ni baridi na hauendi nao, basi yote miwili inapinda kidogo kama ubao uliolowa upande mmoja. Bunduki ambazo mtutu wa raifo umeachwa huru, umeshikwa kwa skrubu tu mdomoni, hazisumbui kiasi hicho.

Dawa ni uvivu. Piga moja, fungua bunduki, iweke kivulini, ongea na watu. Mtutu ukiushika kwa kiganja usihisi vuguvugu, piga ya pili. Mimi hupiga risasi tatu kwa karibu nusu saa, na zinaingia kwenye duara la sarafu. Halafu jambo la maana kuliko kundi hilo la matundu: andika risasi ya kwanza ya mtutu baridi imeingia wapi, siku tatu tofauti. Mnyama hupigwa kwa mtutu baridi, basi darubini irekebishwe kwa risasi hiyo, siyo kwa wastani.

Shotigani nayo ipimwe. Watu huisahau kwa kuwa wanaamini marisau yanajua njia. Karatasi kubwa, mita 35, alama ya kulenga katikati, piga mara moja, kisha chora duara la sentimita 75 palipo na marisau mengi zaidi. Kama kitovu cha duara kimekaa chini ya ulipolenga, na kwenye bunduki hizi si ajabu, ni afadhali ujue leo. Jaribu aina tatu za risasi kabla ya kuchagua. Ukitaka kutumia slagi, yaani donge moja zito, angalia kwanza mdomo wa mtutu umebanwa kiasi gani. Mingi ya mitutu hii imebanwa sana, na siyo kila slagi inaruhusiwa kupita hapo.

Darubini iwe fupi, ya kukuza kidogo, kuanzia mara moja au moja na nusu, tena ya kubandua kwa mkono. Darubini kubwa hukuinulia shavu kutoka kwenye kitako, na shotigani bila shavu kwenye kitako hupiga juu. Mimi nikitegemea ndege naiacha mfukoni.

Usafi: brashi mbili, vitambaa mbali mbali, usitumie ya shotigani kwenye mifereji. Ingiza fimbo kutokea upande wa chemba. Bawaba itake tone moja la grisi, siyo mafuta ya kuchuruzika. Na ukimaliza, usiku wa kwanza isimamishe mdomo chini juu ya gazeti. Mafuta yaliyobaki yatashuka kwenye karatasi badala ya kuingia kwenye matundu ya pini na kugandia humo. Asubuhi utaona madoa mawili, moja kubwa la geji 20 na moja dogo kando yake, ndipo uifungie kabatini.