Kava la msikilizaji: liombe kwanza likiwa na ukubwa wa ukucha

Picha ya kwanza ya kava niliyotumiwa na msikilizaji ilikuwa ya sindano. Podikasti yetu inasimulia historia ya vitu vidogo, kifungo, kufuli, kitana, na kipindi cha sindano kilikuwa kimependwa sana. Mchoraji aliilaza sindano kimshazari toka pembe hadi pembe, rangi ya fedha juu ya buluu ya usiku, na uzi mwekundu ukijikunja chini yake. Niliifungua kwenye kompyuta nikaikodolea macho dakika nzima. Nikaiweka hewani, nikachukua simu, nikaitafuta podikasti yetu kwenye orodha. Sindano haikuwepo. Kulikuwa na mraba wa buluu wenye kitu kama mkwaruzo.

Hatukuitupa. Nilimwomba mchoraji asogee karibu: aachane na sindano nzima, atuchoree tundu lake tu, lijaze karibu nusu ya mraba, na uzi upite katikati. Alileta mchoro baada ya siku mbili. Tundu lile linaonekana hata ukiinyoosha simu mbali na uso, na ndilo kava letu hadi leo. Ila alikuwa ameshamaliza jioni nne kwenye ile sindano ya kwanza, na hizo sikuwa na namna ya kumrudishia. Karibu yote ninayoeleza hapa yametokana na jioni zile nne.

Usiitishe shindano

Najua ndilo wazo linalomjia kila mtu kwanza, na mimi niliwahi kuliitisha. Watu 31 walichora, mmoja akashinda, na 30 waliobaki walikuwa walewale wanaotuchangia kila mwezi. Hakuna aliyelalamika. Wawili waliacha kuchangia kimyakimya, na sikuwa na uso wa kuwauliza sababu. Wenye wadhamini wanaweza kumkera msikilizaji mmoja mmoja na mambo yakaenda. Sisi tunaoishi kwa michango, tukimkera msikilizaji tumemkera anayelipia maikrofoni.

Omba kitu kidogo badala yake. Tangazo langu la sasa nalisoma mwishoni mwa kipindi na kuliweka kwenye maelezo, nalo ni hili:

"Ndugu msikilizaji, tunahitaji kava jipya. Kama unachora, chora mraba wa sentimita mbili kwa mbili, ndani yake utuwekee wazo lako kwa kalamu au penseli, kisha upige picha kwa simu ututumie. Usitumie zaidi ya dakika kumi. Tutamchagua mmoja tufanye naye kazi, na kazi hiyo tutailipa kutoka kwenye michango yenu. Tunapokea hadi Jumapili ijayo."

Sentimita mbili si masihara. Kwenye orodha ya programu nyingi za simu, kava huonekana kwa ukubwa unaokaribia ukucha wa dole gumba. Wazo lisiloingia humo kwa kalamu ya kawaida halitaonekana huko hata likichorwa na fundi wa namna gani. Tena kalamu yenyewe inakufanyia kazi ya kukataa: huwezi kuchora watu saba wamezunguka meza ndani ya sentimita mbili. Mtu atajaribu, atakwama, atabaki na kiti kimoja, na mara nyingi kile kiti ndicho kava.

Michoro ikifika, ipange yote kwenye skrini moja, rudi nyuma hatua tatu, uangalie ni ipi inayokuita. Usianze na jina la mchoraji wala ujumbe wake. Nimewahi kuchagua mchoro kwa sababu barua iliyoandamana nao ilinitoa machozi, tukahangaika nao mwezi mzima.

Wale usiowachagua waandikie, kila mtu kivyake, siku ileile. Mistari miwili inatosha: "Asante kwa mchoro wako. Safari hii tumechukua mwingine. Je, ungependa tukupe kipindi kimoja ukichoree picha yake?" Hii si lugha ya kubembeleza. Kava kuu linapaswa kukaa miaka bila kubadilika, maana watu hukutambua kwa rangi kabla hawajasoma jina. Picha za vipindi ndizo za kubadilisha kila wiki, na huko nafasi haziishi. Kwenye mlisho wa RSS, lile faili ambalo programu husoma ili kupata vipindi vyako, kila kipindi kinaweza kubeba picha yake, tofauti na ile ya podikasti nzima. Baadhi ya programu zitaionyesha, nyingine zitang'ang'ania kava kuu. Mwambie mchoraji hilo mapema, asije akafungua simu yake akadhani umemdanganya.

Mkubaliane kabla hajaanza

Hapa wengi huona aibu. Mtu amejitolea kwa mapenzi, sasa unamletea karatasi? Mletee. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao asili yake ni mwaka 1886, mchoraji hahitaji kusajili chochote: hakimiliki inakuwa yake mara tu anapochora. Yeye kukutumia picha hakukupi ruhusa ya kuifanyia utakavyo. Mimi huandika ujumbe wa kawaida kabisa, naye hujibu "nimekubali":

"Habari za leo. Kabla hujaanza tukubaliane haya. Picha inabaki yako. Unaturuhusu kuitumia kama kava popote podikasti inaposikika, kuongeza jina la podikasti juu yake, na kuitumia tunapoomba michango. Fulana na stika za kuuza hazimo. Tukizitaka tutarudi kwako. Tutakulipa siku utakapotuma picha ya mwisho, na tukiishia njiani utapata nusu. Nawe unatuhakikishia kwamba umeichora mwenyewe, hukufuatisha picha ya mtu mwingine."

Sentensi ya mwisho ina historia yake. Msikilizaji mmoja alituchorea kufuli zuri mno, na wiki tatu baadaye tukapata barua ya mpiga picha: kila kutu kwenye lile kufuli ilikuwa yake, imefuatishwa mstari kwa mstari. Mchoraji hakuwa na nia mbaya, alidhani kuchora upya kunatosha. Tuliiondoa picha siku hiyohiyo tukaomba radhi. Sasa nauliza, tena nauliza pia kama ametumia programu ya akili bandia. Jibu lolote nalipokea. Ninachotaka ni kulijua kabla ya wanaochangia.

Ruhusa ya kukata picha ipewe sentensi yake. Safari moja niliipunguza picha upande wa chini ili ikae vizuri, nikakata na sahihi ya mchoraji. Alikuwa na haki ya kukasirika: Mkataba ule ule wa Berne, tangu marekebisho ya 1928, unampa haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Siku hizi sikati. Namtumia picha yenye mstari mwekundu pale ninapotaka kukata, akate mwenyewe.

Mwingine atakwambia, "Usijali, nimeiweka chini ya Creative Commons." Hizo ni leseni za kuwaruhusu wengine watumie kazi yako, nazo ni za aina kadhaa. Muulize ipi. Ikiwa na herufi NC, inazuia matumizi ya kibiashara, na podikasti inayopokea michango iko mahali ambapo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana hadi asubuhi. Ikiwa na ND, huruhusiwi kusambaza toleo ulilolibadilisha. Usibishane. Omba ruhusa ya moja kwa moja kwa maandishi, mambo yameisha.

Mchoraji akiwa mtoto, ongea na mzazi au mlezi kwanza, na jina lake la ukoo usilitaje hewani.

Na malipo? Lipa, hata kidogo, na uwaambie wachangiaji kiasi gani kilikwenda wapi. Mara mbili mchoraji amekataa kulipwa, nasi tukamwachia uamuzi huo yeye. Kumpa mtu nafasi ya kukataa pesa ni tofauti na kutompa pesa.

Mnapochora

Nasema "mnapochora" maana nawe utaulizwa mambo. Nina chuki binafsi na maikrofoni na vipokea sauti kwenye kava. Msikilizaji ameshafungua programu ya podikasti, anajua atasikia mtu akiongea. Chora kile kinachoongelewa.

Jina la podikasti ndilo andiko pekee. Majina ya watangazaji, kauli mbiu, "kila Jumanne", vyote vimo kwenye maelezo na programu huyaandika pembeni ya kava. Herufi ziwe nene. Fonti iwe yenye leseni inayoruhusu. Zile zilizotolewa chini ya SIL Open Font License zinaruhusu kazi ya namna hii, hata ya kuingiza fedha.

Pembe nne ziachwe wazi, kwa sababu programu nyingi huzikata ziwe za mviringo. Upande wa chini nao usiwekwe kitu cha maana, huko ndiko vitufe hupenda kulala. Halafu fanyeni jaribio moja linalomaliza ubishi wote wa rangi: ondoeni rangi, picha ibaki nyeusi na nyeupe. Jina likizama, basi lilikuwa limeshikiliwa na tofauti ya nyekundu na kijani tu, na wapo wasikilizaji wasioiona tofauti hiyo. Mwanga na giza ndivyo vibebe herufi. Mwishowe iwekeni picha juu ya ukurasa mweupe, kisha juu ya mweusi. Kava lenye kingo nyeupe hupoteza umbo lake kwenye skrini nyeupe, likawa kama limemwagika.

Programu za kompyuta za GIMP, Krita na Inkscape zinatosha kwa yote haya na hazilipiwi. Aliyechora kwa brashi na karatasi naye yumo; azingatie tu kupiga picha kwa mwanga wa dirishani bila kivuli cha mkono wake.

Faili

Mwombe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Apple Podcasts hupokea kuanzia 1400 kwa 1400 hadi hapo, JPEG au PNG, katika RGB, yaani rangi za skrini. Aliyezoea kazi za uchapaji huenda akakutumia CMYK, ambazo ni rangi za wino, na kwenye skrini zitatoka vingine kabisa. Kama ni PNG, isiwe na sehemu zinazopitisha mwanga. Pikseli 3000 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi zinatoa inchi 10, yaani sentimita 25.4, kwa hiyo siku ya stika ikifika hutarudi kumwomba faili kubwa zaidi, utamwomba ruhusa tu.

Omba faili mbili: moja yenye jina, moja bila andiko lolote. Hiyo ya pili utaihitaji, niamini.

Atume kama faili, si kama picha ya kawaida ya kwenye ujumbe. Programu za ujumbe huzibana picha, na unachopokea ni kivuli cha kilichotumwa. Ukipokea, fungua taarifa za faili usome pikseli. Ukiona pungufu ya 3000, mrudie kabla hujamsifia.

Tengeneza pia nakala ndogo, 1400 kwa 1400, iliyobanwa hadi chini ya kilobaiti 300, ndiyo uipachike ndani ya MP3. Ukipachika picha ya megabaiti 2, kila msikilizaji atazipakua hizo megabaiti 2 upya kila kipindi, kwa bando lake.

Unapobadilisha kava, badilisha na jina la faili. Kama la zamani lilikuwa kava-1.jpg, jipya liwe kava-2.jpg. Ukipakia jipya kwa jina lilelile, programu nyingi zitaendelea kuonyesha nakala ya zamani ziliyoihifadhi, nawe utakaa siku nzima ukidhani umekosea.

Siku ya kutoka

Jina la mchoraji liandikwe kwenye maelezo ya kipindi, na chini yake sentensi moja ya kuieleza picha kwa wasioona: "Tundu la sindano limejaza mraba wa buluu iliyokolea, uzi mwekundu unapita ndani yake." Hawa ni wasikilizaji wako waaminifu, na ndio pekee ambao kava jipya huwapita bila taarifa.

Hewani pia litaje jina lake, ila kwanza mwombe ajirekodi akilitamka mwenyewe, sekunde tatu tu. Nimewahi kumshukuru mtu kwa jina ambalo si lake, mbele ya kila aliyempigia simu akisema, "Sikiliza leo, watanitaja."

Kisha subiri. Programu nyingine hubadilisha baada ya saa moja, nyingine baada ya siku. Likishabadilika kwenye simu yako, fungua orodha yako ya podikasti, piga skrinshoti kava lake likiwa katikati ya makava mengine yote, umtumie.