Kabla hujanunua tiara ya mtumba Paje, Zanzibar

Kwa anayeanza kuteleza baharini kwa tiara na kapata ya mtumba: kabla hujatoa pesa, ijaze upepo kivulini mpaka mrija wa mbele, ule wa hewa unaoipa tiara umbo, uwe mgumu, uiache saa mbili tatu. Kitundu kwenye mpira wa ndani ya mrija au valvu iliyochoka haionekani kwa macho, lakini mrija ukibonyea kwa kidole, unavuja. Usiijaze juani ukaihamishia kivulini. Hewa ikipoa hunywea, utaisingizia bure. Jaribio hili halisemi lolote kuhusu kitambaa, na hapo ndipo wengi hupigwa. Kifinyange mkononi: kizima huchakarika, kilichopigwa jua na chumvi hulegea kama kanga kuukuu. Muuzaji akidai anawahi boti, mwache aende.