Gazeti la shule kwa kompyuta tatu tu, tulivyofanya sisi Tanga

Walimu wenzangu wa shule za msingi, nimeulizwa sana hili swali kwaiyo naandika mara moja kwa wote: unawafundishaje watoto wa darasa la tano na la sita kutengeneza gazeti la shule kwa zile programu za kupanga kurasa, wakati kompyuta zinazowaka ni tatu na watoto wamejaa mpaka dirishani? Inawezekana, sisi limetoka, kurasa 8 na watoto wameliuza kwa wazazi wao wenyewe. Ila kazi kubwa ianze kwenye karatasi, kompyuta ije mwisho. Ukianza na kompyuta, watoto watatu watashika mausi na waliobaki wote watapiga stori za mpira wa Mkwakwani mpaka kengele ilie.

Kwanza programu. Word achaneni nayo kwa kazi hii, Word maneno yanatiririka kama maji, ukiongeza mstari mmoja juu basi picha ya chini inarukia ukurasa mwingine na mtoto anakata tamaa. Programu za kupanga kurasa zinafanya kazi kwa fremu, yani unachora kiboksi unaweka maneno, unachora kingine unaweka picha, na kila kimoja kinakaa pale ulipokiweka. Kama shule yenu ina Microsoft Publisher itumieni, ni nyepesi kwa mtoto, lakini mjue Microsoft wenyewe wametangaza kwamba wanaiacha Oktoba 2026, kwaiyo kazi zenu zote za zamani zitoeni kwa PDF mapema, yani faili linalofunguka vile vile kwenye kompyuta yoyote. Mimi natumia Scribus, ni ya bure kabisa, haina leseni ya kununua, inakaa kwenye Windows na Linux na kompyuta zetu zilizochoka inazivumilia. Angalizo moja: weka toleo lile lile kwenye mashine zote, maana faili la toleo jipya la 1.6 halifunguki kwenye la zamani la 1.4, na utahangaika na flashi mkononi bila kujua tatizo ni nini.

Sasa karatasi. Mpe kila mtoto A4 mbili, azipange pamoja azikunje katikati, tayari ana kitabu kidogo cha kurasa 8 za A5. Waambie waandike namba za kurasa kwa penseli, 1 mpaka 8, af wazikunjue. Hapo ndipo darasa linaposhtuka, maana wanakuta ukurasa wa 8 umelala pembeni ya 1, wa 2 upo na wa 7, wa 6 upo na wa 3, na wa 4 upo na wa 5. Acha wakae nalo kidogo, usiwaambie. Kwetu kuna kijana wa nyuma kabisa, huwa hanyanyui mkono, ndiye aliyesema "mwalimu kila upande ukijumlisha ni 9". Ni kweli, na ukifanya gazeti la kurasa 12 jumla itakuwa 13. Kipindi cha hesabu umekipata humo humo.

Kwenye hicho hicho kitabu cha karatasi ndio wanachora gazeti lote: kichwa cha habari hapa, picha hapa, mashairi ukurasa wa 5, vitendawili nyuma. Wachore kwa penseli wafute wabishane. Sisi hii hatua ilichukua vipindi vitatu na sijutii hata dakika moja, kwasababu ilipofika kompyuta hakuna mtoto aliyeuliza "niweke wapi".

Na katika kubishana huko wasimulieni kidogo hii, kwasababu watoto wetu wanadhani magazeti ni ya Dar tu. Hapa hapa Tanga wakati wa Mjerumani shule ya serikali ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilitoka shuleni hapo mpaka 1916. Kule Magila, Muheza, wamisionari walikuwa na kijigazeti chao cha Kiswahili hata kabla ya hapo, miaka ya 1890. Enzi hizo herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, mtu anazipanga moja moja kwa mkono, ndani ya fremu! Ile ile fremu tunayochora leo kwa mausi. Watoto wangu walinyamaza kimya, af mmoja akauliza je wakikosea herufi walikuwa wanafutaje.

Kwenye kompyuta gawanya kazi. Mashine mbili ziwe za kuchapa maneno tu na moja ndio ya kupanga kurasa. Mtoto asiyezoea kibodi anamaliza kipindi kizima cha dakika 40 kwa aya mbili, kwaiyo asichape kwenye Scribus moja kwa moja, achape kwenye Notepad, programu ile nyeupe isiyo na madoido, asevu kwa jina la habari yake na darasa. Maneno yakitoka Word yanakuja na fonti zake na rangi zake na yanavuruga ukurasa, yakitoka Notepad yanakuja safi. Na umeme wetu mnaujua, kwaiyo wafundishe Ctrl+S, ile ya kusevu, kila wakiweka nukta, iwe kama kupumua.

Kwenye mashine ya kupanga fungua dokumenti mpya, saizi A5, kurasa 8, chagua kurasa zinazotazamana, pembeni acha sentimita moja na nusu kila upande maana printa nyingi hazifiki ukingoni. Bonyeza herufi T uchore fremu ya maneno, bonyeza I uchore ya picha. Kuweka maneno humo ndani ni Ctrl+T, inafunguka dirisha la kuandikia, unabandika humo yale ya Notepad. Habari ikiwa ndefu inaendelea ukurasa mwingine, chagua fremu ya kwanza, bonyeza N, af kliki fremu ya pili, maneno yanahamia yenyewe. Fonti ziwe mbili basi, moja ya vichwa na moja ya habari, habari iwe saizi 11 au 12. Najua watoto wanapenda fonti za maua na rangi ya pinki, wape siku ya kwanza nzima wacheze watengeneze bango lolote wanalotaka, kiu iishe.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maneno yakizidi fremu, Scribus inaweka kialama chekundu chenye msalaba pale chini kulia. Binti mmoja wa darasa la tano aliandika habari ya bibi yake anayeuza samaki wa kukaanga pale Deep Sea, hapa Tanga, nzuri sana, ila imezidi mistari minne na alama nyekundu inamtazama. Akataka apunguze herufi ziwe saizi 8. Nikamwambia hapana, bibi yako hatoweza kusoma bila miwani, soma tena uone ni neno gani halina kazi. Alikuwa ameandika "bibi yangu anaamka mapema sana asubuhi kabla jua halijatoka". Akakaa nayo, akafuta, akaandika "bibi yangu anaamka alfajiri". Maneno tisa yakawa manne na hakuna kilichopotea! Akaendelea hivyo hivyo mpaka ile alama ikaondoka, akapiga makofi mwenyewe. Nimefundisha ufupisho kwa chaki miaka mingi na sijawahi kuona mtoto anakata maneno kwa hiari yake namna ile. Kwaiyo walimu nawaomba, msiwakatie nyie, hata kama muda umeisha.

Jambo lingine ambalo maelekezo ya Kizungu hayawaambii ni kwamba Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama "tulipowatembelea" kwenye safu nyembamba linajaza mstari lenyewe, na ukinyoosha pande zote mbili yanatokea mapengo makubwa kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Kwa A5 tumia safu moja, au mbili kama ni vitendawili na mistari mifupi, na unyooshe kushoto tu. Zima pia ule ukataji wa maneno wa mwisho wa mstari, unafuata silabi za Kiingereza na utakuta "mwanafun" juu na "zi" chini. Kwenye Publisher zima na ukaguzi wa tahajia, kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu na mtoto anaamini amekosea gazeti zima. Kukagua kufanyike kwa macho, wabadilishane habari, kila mmoja na kalamu nyekundu, hiyo siku moja wao ndio walimu.

Picha. Ukipigiwa picha na mzazi akakutumia WhatsApp kawaida inakuja imeminywa, mwambie aitume kama dokumenti. Kwa kuprinti vizuri unataka doti 300 kwa inchi, maana yake picha ya upana wa pikseli 1200 usiitanue zaidi ya sentimita 10. Lakini kama mtatoa kopi nyeusi na nyeupe, na wengi wetu ndio uwezo wetu, picha za watu zinatoka giza tupu. Michoro ya watoto kwa kalamu nyeusi inatoka safi mno, ngalawa, minazi, mkonge, chochote, uipige kwa simu karibu na dirisha mwanga wa asubuhi. Na picha ya sura ya mtoto yeyote uliza mzazi wake kwanza.

Hili lilinikuta mimi: nilikopi faili la Scribus kwenye flashi nikakimbilia steshenari, kufungua pale picha zote hazipo, fremu tupu. Scribus haibebi picha ndani, inakumbuka tu zilipo kwenye ile kompyuta ya shule. Nikarudi kwa bodaboda mchana wa jua kali. Sasa kama unahamisha kazi ambayo haijaisha tumia kwenye menyu ya faili panapoandikwa Collect for Output, inakusanya kila kitu folda moja. Na kama imeisha toa PDF, steshenari peleka PDF tu usipeleke kingine.

Kuprinti, fungua PDF kwenye Adobe Reader, ya bure, chagua Booklet, yenyewe itapanga 8 na 1, 2 na 7 kama watoto walivyoona. Pande mbili, karatasi igeuke kwa upande mfupi, ukikosea hapo nusu ya kurasa zinatoka kichwa chini miguu juu. Printi nakala moja kwanza, mpe mtoto aikunje, ndio mwenye duka aendelee na zingine. Gazeti moja linakula A4 mbili, rimu moja ya karatasi 500 inatoa magazeti 250.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, sisi tumeshona. Tundu tatu kwenye mkunjo kwa sindano, uzi unaingia tundu la katikati kutoka ndani, unarudi ndani kwa la juu, unapita ndani mpaka la chini unatokea nje, af unarudi ndani kwa lile la katikati unapiga fundo. Wavulana walianza kwa kugoma wakisema kushona ni kwa wasichana, siku ya pili walikuwa wanashindana nani anamaliza kumi kabla ya kengele. Nakala moja, kile kitabu cha penseli na ile folda yote ya kompyuta nimeviweka kabatini kwa darasa la tano la mwakani.