Kwenda kuangalia besiboli Durham kama mchezo wenyewe huujui

Kama uko Durham au Raleigh, kule North Carolina, na hujawahi kuingia uwanja wa Durham Bulls, nenda tu, hata kama besiboli huielewi kabisa. Timu iko Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu ya Marekani, na tangu 1998 ndo inawaandaa wachezaji wa Tampa Bay Rays, timu ya ligi kuu. Uwanja ulifunguliwa 1995, uko katikati ya mji na unaingiza watu kama elfu 10 hivi, kwa hiyo hata siti ya nyuma unaona kila kitu.

Anza na ratiba. Msimu ni kuanzia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili mpaka Septemba, na timu ngeni ikija kwa kawaida inakaa wiki nzima, mechi sita, Jumanne hadi Jumapili. Ijumaa watu wanajaa, mara nyingi kuna fataki baada ya mechi na watoto wanazipenda mno, ila kwa mara ya kwanza mimi nakushauri Jumanne au Jumatano maana foleni ni fupi, siti unachagua, na jirani yako anakuwa na nafasi ya kukuelekeza.

Kwa gari unakuja na barabara ya 147, inapita jirani kabisa na uwanja. Kutoka Raleigh unaweza kupanda treni ya Amtrak ukashuka ukatembea kwa mguu, lakini angalia kwanza treni ya kurudi ni saa ngapi kwa sababu mechi za usiku zinachelewa kuisha.

Fika mapema uzunguke American Tobacco hapo jirani, kilikuwa kiwanda cha sigara, kikafungwa 1987, baadaye wakakigeuza ofisi na migahawa, na tenki la maji na bomba la moshi vyenye maandishi ya Lucky Strike bado vimesimama.

Sasa siti, hapa sikiliza vizuri. Kata tiketi ya upande wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, hapo unatazamana na ukuta mkubwa wa bluu wa kushoto, urefu futi 32, karibu mita 10, una ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono mpaka leo. Juu yake kuna bango kubwa la fahali, maana Bulls ni mafahali. Mchezaji wa Bulls akipiga homurani, yaani mpira unaovuka uzio wa uwanja, macho ya fahali yanawaka mekundu, mkia unacheza na moshi unatoka puani, uwanja mzima unasimama. Na mchezaji akimpiga fahali kwa mpira anapewa steki, akipiga nyasi za chini yake anapewa saladi!

Sheria zisikutishe. Hakuna dakika 90, kuna ining 9, yaani vipindi, na katika kila kimoja kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe halafu wanabadilishana. Mpigaji akikosa mara tatu katoka, akirushiwa mipira minne mibovu, yaani isiyopita sehemu ya kupigika na yeye hakuipiga, anatembea bure hadi besi ya kwanza, na akizunguka besi zote akarudi pale alipoanzia kupiga ni pointi moja. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Kama una watoto kaeni nyuma ya wavu, kwenye siti zisizo na wavu mpira unakuja kwa kasi kweli kwa hiyo simu weka chini. Mpira ukiudaka ni wako, hakuna wa kukudai.

Shika na majina ya vijana unaowaona, Evan Longoria na Blake Snell walipita hapohapo kabla ya kuwa mastaa, na mchezaji unayemwona leo anaweza kuitwa ligi kuu kesho asubuhi.

Mwezi wa nne usiku kuna baridi, beba jaketi. Mvua ikianza usikimbilie nyumbani, wanafunika uwanja kwa turubai wanasubiri, ikikatika mechi inaendelea.